Mahari, Kamera na Tuzo: Filamu za David na Judith MacDougall katika Turkana na Urithi Wake

1.0 Utangulizi

Mwaka 1979 tamasha la Cinéma du Réel mjini Paris lilitoa tuzo yake ya kwanza kwa filamu ambayo mhusika wake mkuu ni mfugaji mmoja wa Kiturkana aitwaye Lorang. Mwaka uliofuata, 1980, taasisi ya kifalme ya anthropolojia ya Uingereza iliipa tuzo yake ya filamu kazi nyingine iliyotoka katika boma hilohilo, nayo ilihusu mahari ya binti wa Lorang. Filamu hizo mbili, pamoja na ya tatu iliyotolewa mwaka 1981, ni kazi ya mume na mke, David na Judith MacDougall. Katika historia ya filamu za hali halisi zinatajwa miongoni mwa kazi zilizobadili namna ya kumwonyesha binadamu wa utamaduni mwingine. Katika uhakiki wa fasihi wa Afrika Mashariki, na hasa ule unaoandikwa kwa Kiswahili, hazijapewa nafasi inayolingana na uzito wake.

Sababu za pengo hilo si ngumu kuzitambua. Kazi hizi zimewekwa katika fungu la anthropolojia, na mhakiki wa fasihi ameona kwamba hazimhusu. Zaidi ya hayo, wahusika wake wanasema Kiturkana, nayo maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha ni ya Kiingereza, hivyo Kiswahili hakikupata mlango wa kuingilia. Hata hivyo, anayezitazama kwa makini ataona kwamba ndani yake picha za mandhari na mila zinatangulizwa na kuongozwa na usemi: majadiliano, mabishano, masimulizi ya maisha, kejeli na mafumbo ya watu wazima waliozoea kutumia ulimi kama chombo cha kazi. Hii ni malighafi ya fasihi simulizi.

Makala hii inachunguza safari ya kisanaa ya wapigapicha hao kuanzia Karamoja hadi Turkana, tuzo walizopata na maana yake, kisha inazilinganisha kazi zao na filamu ya kubuni Nawi ya mwaka 2024, ambayo nayo imejengwa juu ya mahari ya binti wa Kiturkana. Hoja yake kuu ni kwamba historia ya kamera katika Turkana ni historia ya ugomvi juu ya nani ana haki ya kusema, na kwamba tuzo, pamoja na heshima yake, ni sehemu ya ugomvi huo.

2.0 Lokitaung na Desturi ya Kusemewa

Kabla ya kuzitazama filamu zenyewe, ni vema kukumbuka Turkana ilivyoingia katika maandishi ya Kenya. Chini ya ukoloni eneo hilo lilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali, na utawala ulihesabu nchi hiyo kuwa mpaka wa kulindwa badala ya kuwa makao ya watu wenye historia. Kituo cha Lokitaung, kaskazini kabisa karibu na Ziwa Turkana na mipaka ya Ethiopia na Sudan, kilijulikana kwa Wakenya wengi kwa sababu moja tu. Baada ya kesi ya Kapenguria kumalizika Aprili 1953, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba walifungwa huko. Baadaye Waruhiu Itote, aliyefahamika kama Jenerali China, aliungana nao. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung ilichapishwa katika gazeti la The Observer la London na kufichua hali yao. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akaishi huko chini ya amri ya kumzuia asitoke.

Tukio hilo lina uzito wake katika historia ya taifa, na kumbukumbu za Itote na Kaggia zimelipa nafasi yake. Lakini kwa upande wa uhakiki kuna jambo la kuzingatia. Katika masimulizi hayo Lokitaung ni jukwaa, na Waturkana ni sehemu ya mandhari: joto, mawe, upepo na watu wa mbali wanaopita na mifugo yao. Mahali pamepata jina kwa sababu ya waliopelekwa huko kwa nguvu. Waliozaliwa huko hawakupata jina kwa njia hiyo. Barua iliyotoka Lokitaung ikafika London ilikuwa sauti ya wageni waliofungwa, nayo ilikuwa sauti ya haki. Hata hivyo, sauti ya wenyeji wenyewe ilikuwa haijatafutwa.

Waliotangulia kuitafuta walikuwa wanaanthropolojia. P. H. Gulliver alifanya utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 akachapisha The Family Herds, kitabu kinacholinganisha Wajie wa Uganda na Waturkana wa Kenya. Humo alionyesha kwamba mifugo katika jamii hizi ni mtandao wa mahusiano: mtu hulipa mahari kwa wanyama wake mwenyewe na pia kwa wanyama anaowaomba kwa ndugu, wakwe na marafiki, na hivyo kila ndoa hupima upya nani ni nani kwa nani. Kitabu kilieleza mfumo vizuri. Ambacho kitabu cha aina hiyo hakikuweza kutoa ni mfumo huo ukisemwa na wahusika wake, mmoja akimkatiza mwingine.

3.0 Kutoka Karamoja: Kuzaliwa kwa Mbinu

David MacDougall alizaliwa Marekani mwaka 1939 na kuhitimu Harvard mwaka 1961. Yeye na Judith walisomea filamu katika chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, ambako Colin Young alikuwa akiwahimiza wanafunzi kutafuta filamu inayomwacha mtazamaji atazame bila kuvutwa na sauti ya msimulizi. Wakati huo teknolojia ilikuwa imebadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamera nyepesi ya milimita 16 na kinasa sauti cha kubebeka viliwezesha watu wawili kurekodi mazungumzo na picha kwa pamoja, nje ya studio. Mwaka 1961 Jean Rouch na Edgar Morin walikuwa wametumia uwezo huo huko Paris katika Chronique d'un été, ambamo watengenezaji wa filamu wanaonekana na kuulizana maswali na wahusika wao.

Mwaka 1968 wanandoa hao walikwenda Karamoja, Uganda, kuishi na Wajie. Matokeo yake yalikuwa filamu kadhaa, na kubwa kati yake ni To Live with Herds, yaani "Kuishi na Mifugo", filamu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyopigwa katika kiangazi kikali. Imegawanywa katika sehemu tano, na sehemu ya tatu inahusu taifa: wafugaji wanakabiliwa na watumishi wa serikali wanaowaeleza maendeleo ni nini. Mfugaji Logoth anaielezea nchi yake kwa maneno yake mwenyewe. Maneno hayo hayakufunikwa na sauti ya msomaji wa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Yaliachwa yasikike, na tafsiri ikaandikwa chini ya picha.

Uamuzi huo unaweza kuonekana kuwa wa kiufundi tu, lakini kihakiki ni mabadiliko ya nafsi ya usimulizi. Filamu ya zamani ya kiethnografia ilikuwa na msimulizi mjuzi wa yote. Alijua watu wanafanya nini na kwa nini, nao wahusika walikuwa vivuli vinavyothibitisha maelezo yake. Maandishi ya tafsiri yalimng'oa msimulizi huyo katika kiti chake. Mtazamaji akalazimika kusikia kigugumizi, kicheko, kimya na kurudia kwa msemaji mwenyewe, na Mjie mmoja akaacha kuwa Wajie wote. Mwaka 1972 filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya "Venezia Genti" katika tamasha la Venice.

4.0 Mazungumzo ya Turkana

4.1 Swali lililobaki

Licha ya sifa hizo, MacDougall hakuridhika. Katika insha yake ya mwaka 1975, "Beyond Observational Cinema", aliikosoa mbinu ileile iliyompatia jina. Alidai kwamba mtengenezaji wa filamu anayejificha nyuma ya kamera na kujifanya hayupo anajinyima na kuwanyima wahusika wake jambo la msingi, yaani mkutano kati yao. Alipendekeza filamu shirikishi, ambamo wahusika wanapewa nafasi ya kuielekeza filamu na kuisahihisha, na ambamo mgeni anakiri ugeni wake. Filamu za Turkana, zilizopigwa mwaka 1973 na 1974, ndizo zilizoipima hoja hiyo. David alishika kamera, naye Judith alinasa sauti. Jina la jumla la filamu hizo tatu, Turkana Conversations, yaani "Mazungumzo ya Turkana", ni tamko la nadharia kwa kuwa linasema wazi kwamba kinachoonyeshwa ni mazungumzo, na mazungumzo huhitaji pande mbili.

4.2 Lorang kama fanani

Lorang's Way, yaani "Njia ya Lorang", ni wasifu wa dakika 70. Lorang ni mkuu wa boma mwenye mali na heshima, na tofauti yake na majirani ni kwamba ameona ulimwengu wa nje: aliingizwa katika jeshi la kikoloni la Waingereza, kisha akarudi na kuamua kuishi maisha ya ufugaji. Kwa hiyo anaijua jamii yake kama mtu aliyeitazama kutoka mbali. Anajua kwamba inaweza kuvunjika, na ameichagua akiwa anajua hivyo.

Hapa ndipo nadharia ya fasihi simulizi inapofaa. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotolewa katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, alisisitiza kwamba kazi ya fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Ukiiondoa kazi katika muktadha huo, unabaki na maneno makavu. Filamu ya Lorang inahifadhi vipengele hivyo kuliko kitabu chochote kinavyoweza. Lorang anapoliongoza lile kundi dogo kulitembelea boma lake, anaonyesha pa kulala na pa mifugo, anajisifu, anatania, anamkemea anayempita. Hadhira yake ni mbili kwa wakati mmoja: jamaa wanaomsikia na kumfahamu, na wageni wawili wenye vyombo vyao. Anabadilisha lugha yake kulingana na anayemlenga, kama afanyavyo mtambaji mzoefu.

Filamu haimwachi ajieleze peke yake. Rafiki, mke na jamaa wanamzungumzia, na mara nyingine wanatofautiana naye. Mtazamaji anapata Lorang anayejengwa na sauti nyingi, na hakuna sauti inayotangazwa kuwa ya mwisho. Kwa mhakiki aliyezoea riwaya, huu ni usimulizi wa mitazamo mingi. Kilicho tofauti ni kwamba wasimulizi hawakubuniwa na mtunzi mmoja.

4.3 Ngamia wa harusi

Filamu iliyotolewa kwanza, mwaka 1977, ni The Wedding Camels, yaani "Ngamia wa Harusi", yenye urefu wa dakika 108. Binti wa Lorang, Akai, anaolewa na Kongu, ambaye ni rafiki na hirimu wa baba yake. Ungetarajia kwamba urafiki utarahisisha mambo, lakini unayatatiza. Kudai wanyama wengi ni kumkandamiza rafiki, na kudai wachache ni kujishusha mbele ya jamaa wanaosubiri fungu lao. Kongu naye hawezi kutoa kila anachoombwa bila kudhoofisha boma lake, wala hawezi kutoa kidogo bila kuonekana hamthamini mke wala mkwe.

Sehemu kubwa ya filamu ni watu walioketi wakihesabu wanyama. Muhtasari wa namna hiyo unaweza kumfanya msomaji adhani kwamba ni filamu ya kuchosha. Ukweli ni kwamba ina msuko uliokaza kama tamthilia nzuri. Kila ngamia anayetajwa ana deni nyuma yake, na kila kauli ya adabu ina tishio ndani yake. Watu wanaondoka kwa hasira, wanarudi, wanapatanishwa na wazee. Hapa yale ambayo Gulliver aliyaeleza kama mfumo yanaonekana kama sanaa ya usemi, ambamo matokeo hayajulikani mpaka maneno yamalizike. Watengenezaji wa filamu wenyewe hawajifanyi kujua yote. Maelezo ya wahusika kuhusu kilichokubaliwa yanatofautiana, na filamu inaiacha tofauti hiyo ibaki.

Katikati ya wanaume wanaohesabu yupo Akai. Wageni wanajaribu kumwuliza anavyojisikia kuhusu ndoa yake, lakini majibu yake ni machache na hayaufungui moyo wake. Hatuwezi kusema kwa hakika kama ni haya, desturi ya bibi harusi, tahadhari mbele ya wageni, au kukataa kabisa kuyatoa ya ndani. Filamu nyingine ingelikata swali hilo kwa sababu limeshindwa kuzaa jibu. Hii imeliweka, na kwa kuliweka imeonyesha mpaka wa ujuzi wake.

4.4 Wanawake wanasema

Filamu ya tatu, A Wife Among Wives, yaani "Mke kati ya Wake", ya mwaka 1981, inaweza kusomwa kama jibu la kimya cha Akai. Safari hii wanawake ndio wasemaji wakuu, na mada yao ni ndoa na uke wenza. Swali linaloiongoza filamu ni kwa nini mwanamke atake mume wake aoe mke wa pili. Wanawake wanalijibu kwa hoja za kazi, za upweke, za watoto na za mifugo inayohitaji mikono mingi, na hawafichi wivu wala uzito wa maisha hayo. Mshikamano na uonevu vinakaa katika boma moja, na mara nyingine katika sentensi moja ya msemaji yuleyule.

Uwepo wa Judith ulikuwa na uzito katika jambo hili. Uhakiki wa filamu umezoea kumtaja David peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika insha nyingi za nadharia, zikiwemo zile za kitabu Transcultural Cinema cha mwaka 1998. Lakini filamu hizi ni za watu wawili, na sauti, ambayo ndiyo roho ya mazungumzo, ilikuwa mikononi mwa Judith.

5.0 Tuzo na Maana Yake

Baada ya Turkana wanandoa hao walifanya kazi Australia, ambako tangu mwaka 1975 walikuwa na taasisi ya masomo ya wenyeji wa asili mjini Canberra. Baadaye walipiga Photo Wallahs ya mwaka 1991 huko Mussoorie, India. David peke yake alipiga Tempus de Baristas ya mwaka 1993 kuhusu wachungaji wa mbuzi wa Sardinia, kisha mfululizo kuhusu shule ya Doon nchini India ulioanza mwaka 2000. Mfugaji na neno lake walibaki katika fikra zao hata katika milima ya Ulaya.

Tuzo tatu zilizotajwa, ya Venice mwaka 1972, ya Paris mwaka 1979 na ya London mwaka 1980, zilikuwa na manufaa ya wazi. Filamu hizi zilitengenezwa nje ya studio kubwa na nje ya televisheni, wakati ambapo mfululizo wa Disappearing World wa kampuni ya Granada ulikuwa ukiwafikia watazamaji wengi wa Uingereza tangu mwaka 1970. Filamu huru isiyo na msimulizi, yenye watu wanaohesabu ngamia kwa karibu saa mbili, haina soko la kuitetea, kwa hiyo tuzo ndiyo iliyoitetea. Iliifikisha katika maktaba na madarasa, na imeifanya iendelee kutazamwa nusu karne baadaye.

Pamoja na hayo, lazima iulizwe tuzo hizo zilituza nini. Majopo ya Paris na London yalituza ubora wa kusikiliza. Hilo ni jambo jema, lakini anayetuzwa kwa kusikiliza ni msikilizaji. Msemaji anabaki kuwa mhusika katika muhtasari. Ufasaha wa Lorang, ustadi wa Kongu wa kukwepa dai bila kulikataa, na hoja za wanawake kuhusu uke wenza ndivyo vilivyoibeba filamu, lakini katika orodha za tuzo vinahesabiwa kuwa mali ya mwongozaji. Fasihi simulizi imelifahamu tatizo hili muda mrefu. Mkusanyaji wa ngano huandikwa kwenye jalada, na bibi aliyeisimulia hubaki katika shukrani. Filamu za MacDougall zina afadhali, kwa kuwa sura na jina la fanani vimo ndani ya kazi yenyewe na haviwezi kufutwa. Upungufu uliobaki unahusu mfumo mzima wa tuzo, ambao hauna kifungu cha kumtambua fanani.

Jambo la pili ni lugha. Tafsiri ya Kiingereza iliyowapa Waturkana usikivu Ulaya ndiyo iliyoziweka filamu mbali na msomaji wa Kiswahili. Mhakiki wa Nairobi au wa Dar es Salaam anaufikia usemi wa Lorang kwa kupitia lugha ya tatu, ilhali mwenye neno ni jirani yake.

6.0 Harusi ya Pili: Nawi

Kati ya trilojia hiyo na siku hizi, kamera zilirudi Turkana mara nyingi kwa shughuli nyingine. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipoanzishwa mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan wakawa wahusika wa filamu zilizotuzwa Marekani, zikiwemo Lost Boys of Sudan ya mwaka 2003 na God Grew Tired of Us, iliyopata tuzo kuu ya jopo na ile ya watazamaji katika tamasha la Sundance mwaka 2006. Ni kazi zenye thamani, lakini mkondo wake ni safari ya kutoka Kakuma kwenda Marekani. Kwa mara nyingine, kama ilivyokuwa Lokitaung miaka ya 1950, Turkana ilikuwa mahali pa watu wengine kungojea hatima yao.

Mwaka 2024 ilitolewa Nawi, filamu ya kubuni iliyoongozwa na watu wanne: Vallentine Chelluget, Apuu Mourine, Kevin Schmutzler na Toby Schmutzler, Wakenya wawili na Wajerumani wawili. Hadithi yake ilitoka kwa mwandishi Milcah Cherotich. Nawi ni msichana wa miaka 13, hodari darasani, ambaye baba yake anamwoza kwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100, naye anakataa na kutoroka ili asome. Kenya iliichagua filamu hiyo kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar ya filamu ya kimataifa, katika tuzo za 97, ingawa haikuingia katika orodha ya walioteuliwa. Mwigizaji wake mkuu, Michelle Lemuya Ikeny, alituzwa mwaka huohuo katika tuzo za filamu za Afrika, AMAA, kama mwigizaji anayechipukia.

Kisa cha msichana anayekimbia ndoa ili asome si kigeni katika filamu ya Kenya. Saikati ya Anne Mungai, ya mwaka 1992, ina msichana wa Kimaasai anayetoroka ndoa ya kulazimishwa na kwenda Nairobi. Kipya katika Nawi ni kwamba Turkana yenyewe ni kitovu cha hadithi, na kwamba tuzo ya uigizaji imekwenda kwa yule anayesema mbele ya kamera. Hapa kwa mara ya kwanza katika historia iliyoelezwa katika makala hii, mwenye sauti na mwenye tuzo ni mtu mmoja.

Ulinganisho wa harusi hizi mbili unahitaji uangalifu. Ni rahisi kusema kwamba Akai alinyamaza na Nawi akasema, na kwamba huko ndiko kukua kwa filamu. Kauli hiyo inasahau tofauti ya utanzu. Kimya cha Akai ni cha mtu halisi mbele ya wageni, na kina heshima ya siri yake, ilhali usemi wa Nawi umeandikwa ili usikike, na umesukwa kwa mantiki ya hadithi inayomtaka shujaa na mpinzani. Katika The Wedding Camels idadi ya wanyama ni matokeo ya mabishano marefu yanayofichua uhusiano wa watu wengi. Katika Nawi idadi hiyo inatajwa kama bei. Filamu ya kwanza inamfanya mtazamaji aelewe kwa nini mahari ina maana kwa wanaoitoa na kuipokea, na ya pili inamlazimisha aone inavyoonekana kwa mtoto anayehesabiwa nayo.

Tofauti hiyo pia ni ya kihistoria. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa na kuolewa, na Nawi inazungumza na taifa ambalo tayari limekubali kanuni hiyo kwa maandishi na bado linashindana nayo katika vitendo. Kuitazama filamu ya miaka ya 1970 kana kwamba ilipaswa kuwa ya uanaharakati ni kuikosea. Kuitumia filamu hiyo kuhalalisha kuozwa kwa watoto kwa jina la utamaduni ni kuikosea zaidi, kwani swali lake kwa Akai lisilojibiwa ni ushahidi kwamba hata watengenezaji wake walihisi pale pana jambo.

Hatari ya Nawi iko upande mwingine. Filamu inayosafiri kwenye matamasha ya kimataifa huvutwa na matarajio ya hadhira ya huko, na hadithi ya msichana anayeokolewa na elimu ni miongoni mwa hadithi ambazo hadhira hiyo inazipokea kwa urahisi. Wanawake wa A Wife Among Wives hawakuwa rahisi hivyo. Wao walitetea na kulaumu mfumo uleule kwa pumzi moja, na kwa hiyo hawakumwachia mtazamaji nafasi ya kujiona mwokozi. Nawi imepata usemi wa waziwazi ambao trilojia haikuupata, lakini imepoteza kiasi fulani cha utata ambao trilojia iliuhifadhi. Anayetaka kuielewa ndoa ya Kiturkana katika sanaa anazihitaji zote mbili, kila moja ikisahihisha nyingine.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba safari ya David na Judith MacDougall ilikuwa ya kumwondoa msimulizi mjuzi wa yote, kwanza Karamoja kwa njia ya maandishi ya tafsiri, kisha Turkana kwa njia ya mazungumzo yanayokiri uwepo wa mgeni. Tuzo za Venice, Paris na London zililinda kazi hizo zisizame, lakini ziliwatambua wasikilizaji kuliko wasemaji. Nusu karne baadaye, Nawi imesogeza tuzo karibu na msemaji, ingawa kwa kumpa maneno yaliyotungwa.

Kuna kazi mbili zinazowangoja wahakiki. Ya kwanza ni kuuandika usemi wa filamu tatu za Turkana katika Kiturkana chenyewe, pamoja na tafsiri ya Kiswahili na maelezo ya muktadha, ili Lorang, Kongu na wanawake wa boma lile wasomwe kama wasanii wa neno, sambamba na malenga na watambaji ambao wamekwisha kuhifadhiwa katika maktaba za vyuo. Ya pili ni kuiingiza filamu ya hali halisi katika mitaala ya fasihi simulizi, kwa sababu hakuna chombo kingine kilichohifadhi kwa ukamilifu hivyo fanani, hadhira, mahali na wakati. Kazi hizo hazihitaji jopo la Paris kuziidhinisha. Zinahitaji watafiti wanaokijua Kiturkana, na wengi wa hao wanatoka Lodwar, Kakuma na Lokitaung.